Mikono Miwili ya Kumpakata

Tangu usichana wake, uti wa mgongo wa Mwalimu ulikuwa umepinda. Akikaa, nyonga ya kulia ilinyanyuka, kiwiliwili kikaelemea kushoto, na asipojiegemeza kwa mkono wa kushoto alikwenda chini. Kwa hiyo darasani alifundisha amesimama, na nyumbani mkono mmoja ukawa nguzo, wa pili ukafanya kazi zote.

Kisha akajifungua mtoto wa kike. Akawa anamnyonyesha amejilaza. Mama mkwe wake, aliyekuja kumsaidia mzazi, akaguna: "Siku hizi hata kunyonyesha ni kitandani tu?"

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake akakaa kwenye kochi, akampakata mtoto kwa mikono yote miwili. Haikupita muda akaanza kuelemea, taratibu, kama gunia lililopangwa vibaya. Akamkumbatia mtoto, wakaanguka pamoja juu ya mito. Mtoto hakuumia. Mama mkwe alitupa ufagio, akaja mbio kuwainua.

"Mwanangu, mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, mama?"

Mumewe alikuwa fundi makochi. Aliposikia, akakata sponji, akaisukuma chini ya tako la kushoto, lile lililolemewa. Mwalimu akapiga yowe. "Unanimaliza, baba!"

Wakaenda hospitali. Mtaalamu wa viungo akamkalisha, akamshika nyonga, akajaribu kuzisawazisha kwa upole. Hazikusogea.

"Hapa pamekwisha kuwa pagumu, tusipalazimishe," alimwambia fundi. "Jaza pengo la upande ulionyanyuka, ili uzito ugawanyike. Halafu mwekee egemeo kwenye mbavu za kushoto, limzuie kuanguka."

"Atanyooka?" fundi akauliza.

"Kiti hakinyooshi mgongo. Lakini atatulia."

Fundi akatengeneza kiti sebuleni, mkewe akiwa mkaguzi mkali. Hapa panabana. Hapa bado. Punguza. Umepunguza mno, rudisha! Fundi alitoka jasho, akacheka, akakata upya.

Mwishowe Mwalimu akakaa, akanyanyua mkono wa kushoto kidogo, kama mtu anayeachia ukuta gizani. Mwili ukabaki palepale. Mama mkwe akamwekea mtoto mapajani. Mwalimu akamshika kichwa kwa mkono mmoja, na kwa mwingine, uliokuwa umekosa kazi hiyo tangu siku ya kwanza, akamfuta maziwa kidevuni, akamnyoosha vidole kimoja kimoja. Machozi yakamtoka. Mama mkwe akageukia dirisha, akajifanya anakunja pazia.

Mchana huo, Mwalimu alipoinuka kumlaza mtoto, mama mkwe akajitupa kwenye kiti kipya apumzike. Papo hapo akaruka.

"Kiti gani hiki? Kinanisukuma!"

"Hakikujui, mama," Mwalimu akamjibu toka chumbani, akijizuia kucheka asimwamshe mtoto. "Njoo ukae kwenye kochi."