Kibonye cha Baba

Tangu alasiri binti hakutulia. Kabla sauti moja ya kinanda kipya cha umeme haijaisha, vidole vimesharukia nyingine. Piano iling'aa mno, kama sahani za wageni. Violini zilinata. Ile iliyoitwa “kwaya” ilikuwa watu wenye mafua wanaomngoja daktari.

“Chagua yoyote, mwanangu, utatutoboa masikio,” alisema shangazi, akikunja sare za kwaya. “Nawe kaka, jaribu tena. Au sauti imestaafu?”

Baba alitabasamu bila furaha. Maisha yake yote aliongoza kwaya kwa kinanda cha kukanyaga kama cherehani, hadi mvukuto wake ulipopasuka. Tangu kipya kije, kila akiimba, mahali palepale wimbo unachacha, sauti yake na ya kinanda zisipatane. Asubuhi alikuwa amesema atawaachia wengine uongozi. “Masikio yamezeeka,” alisema, akageukia dirishani. Maneno hayo ndiyo yaliyomnyima binti utulivu.

Akarudi kwenye sauti ya ogani. Akaipunguza ukali, akaondoa mwangwi, akaifanya ianze polepole, kama kitu kinachovuta pumzi kwanza.

“Hapo sasa!” alisema shangazi.

Baba akaimba. Mahali palepale, pakachacha. Akaacha kuimba, akachukua kofia yake.

Lakini shangazi alikuwa akimfuatisha huku kafumba mdomo, na yeye pia alishuka chini ya sauti ya kinanda, kiasi kilekile. Watu wawili wanakoseaje pamoja? Binti akaimba kimoyomoyo. Naye akashuka.

Moyo ukamwenda mbio. Kumbe kile kinanda cha zamani kilikuwa na kibonye kimoja kilicholegea sauti, na wote walilelewa nacho, wakakifuata kama vifaranga.

“Baba, subiri.” Akafungua ukurasa wa kurekebisha sauti, akaishusha sauti ya kibonye hicho peke yake kwenye kinanda kipya, kidogo, kisha kidogo tena. “Imba.”

Baba akaimba, kofia mkononi. Walipofika pale, yeye na kinanda waliinama pamoja, kama watu wanaopita mlango mfupi.

Shangazi akaangusha shati. “Mzee yumo!”

“Si masikio, baba,” binti alisema kwa sauti ya chini. “Kile cha zamani kilitufundisha vibaya. Sote.”

Baba alicheka hadi akajifuta macho. Kisha, kwa mazoea yake ya kubana umeme, akanyoosha mkono kwenye swichi. Na binti alikuwa hajaihifadhi ile sauti kwenye kinanda.

“Usizimeee!”

Nyumba nzima ikatetemeka. Baba akabaki mkono hewani.

“Haya,” shangazi alimwambia binti, akiokota shati, “na hii sauti ulikuwa umeificha wapi?”