Kikosi cha Kanali Koti

Katika kibanda cha video cha Mzee Iddi, pale Bombambili mjini Songea, dunia iliokolewa kila siku saa kumi alasiri, umeme ukiwepo. Umeme ukikatika, dunia na wateja walisubiri kesho yake.

Aliyeeleza namna inavyookolewa ni Tadei Komba. Alisimama kando ya televisheni na fimbo ya mwanzi mkononi, na kila mtu wa kwenye kanda alipofungua mdomo, Tadei alimtilia Kiswahili. Kiingereza, Kichina, Kihindi, vyote vilipita kwake. Alikuwa amesoma seminari miaka miwili akarudishwa nyumbani kwa ubishi, na kamusi aliyoondoka nayo ndiyo iliyommalizia shule. Katika maneno kumi ya Kiingereza alidaka mawili. Manane yaliyobaki aliyaziba mwenyewe, na aliyaziba vizuri. Watu walitoka Maposeni kwa baiskeli kuja kumsikia. Hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui", na neno hilo yeye mwenyewe alilichukia kama wengine wanavyochukia funza.

Mwaka ule, vyama vilipoanza kuwa vingi na nchi nzima ikijifunza kupiga kura upya, kibanda kingine kilifunguliwa karibu na soko. Televisheni yake ilikuwa kubwa kama mlango wa kabati. Mzee Iddi, mtu wa Tunduru aliyeanza na mitumba kabla ya kununua deki, alihesabu viti vilivyobaki vitupu siku tatu mfululizo, kisha akatangaza kwamba ukuta wake wa nje utachorwa. Kati ya mlango na dirisha palitosha watu watano.

"Chagueni wenyewe," aliwaambia wateja. "Steringi watano. Dunia ikiharibika leo, hao ndio tunaowatuma."

Steringi, kwa lugha ya kibandani, ni yule ambaye picha ni yake. Anapigwa, anafungwa, anatupwa mtoni, lakini hafi. Anayekufa ni adui.

Ubishi ulichukua wiki nzima. Waliokuwa wakibishana zaidi ni Hironimus, mchoraji wa mabango aliyepewa kazi ya ukuta, na Mathias, fundi baiskeli.

"Kwanza dunia inaharibiwa na nani?" Mathias aliuliza.

"Hilo halituhusu. Kocha hachagui timu ya wenzake."

"Kama ni mafuriko? Mafuriko hayapigwi teke."

"Bwana Upepo anayapiga," alisema Hironimus. Bwana Upepo alikuwa Mchina mmoja anayeruka kutoka paa hadi paa.

"Na Bubu mtamwambiaje aende? Hasemi."

"Hasemi, lakini anasikia. Ameweka nadhiri, si Tadei alituambia?"

Kwa kweli kanda ya Bubu ilikuwa imekufa sauti. Siku ile ya kwanza Tadei alieleza kwamba shujaa ameapa kutosema mpaka ndugu yake apatikane. Mtu mmoja akauliza mbona na wenzake wote hawasemi. Tadei akajibu, "Wanamheshimu," na picha ikaendelea.

Waliingia pia Dada Mishale na Dereva, ambaye hakuwahi kuonekana akishuka kwenye lori lake. Kura zilipigwa kwa vizibo vya soda, kila jina na kopo lake. Kopo la Kanali Koti lilijaa likamwagika. Akawa kapteni.

Kanali Koti alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye koti la buluu lililomfika visigino. Kanda yake ilikuwa na historia. Nusu saa ya mwanzo ilitafunwa na deki, kwa hiyo picha ilianzia katikati, Kanali akitembea peke yake vumbini na mbwa wote wakimpisha. Nani angemtazama mtu huyo asimwone kuwa ndiye steringi? Tadei alimwona hivyo, na hakurudi nyuma. Alimpa cheo. Alimpa mama aliyemlea kwa kuuza kuni. Mwanamume mwingine aliyekuwa akimfuata Kanali kila anapokwenda, mwenye mguu mmoja mbovu, Tadei alimwita Jambazi Kiguu. Mwisho wa kanda nao haukuwepo: Kanali na Kiguu wanafika kwenye daraja, bastola zinatoka, na papo hapo anatokea bibi harusi akikata keki, maana mtu alirekodi harusi ya Mbinga juu yake. "Kanali ameshinda," Tadei alisema siku ile. "Ameoa."

Baridi ya Juni ilipoingia, vijana wa mjini waliulizia mitumba kwa jina: koti la Kanali. Mzee Iddi aliyaleta kwa robota.

Hironimus alichora siku tatu. Kanali alimweka katikati, mikono mifukoni. Mzee Iddi akafurahi, akatuma mtu Dar es Salaam amtafutie kanda ile ikiwa nzima, mwanzo hadi mwisho. Ijumaa kanda ikafika kwa basi. Jumamosi alasiri, akatangaza, wateja watamwona kapteni wao kwa ukamilifu.

Ijumaa hiyo hiyo jioni Tadei alibisha hodi chumba cha pili. Ukuta wa kibanda ulikuwa pia ukuta wa Mwalimu Tumpe, aliyehamia Januari kutoka Tukuyu kufundisha Kiingereza sekondari.

"Karibu, kaka Tadei. Leo umetukumbuka majirani."

"Mwalimu, kesho asubuhi kuna kanda nataka kuisikiliza. Nataka niisikilize na mtu."

"Kwani peke yako huisikii?"

Tadei alitazama kizingiti. "Sijui Kiingereza," akasema, kama mtu anayetema jino.

"Najua," alisema Mwalimu Tumpe. "Nakusikiliza tangu Januari. Pale Kanali anapomwahidi yule bibi kizee koti lake kwa ajili ya baridi, nililia. Kumbe kwenye kanda walikuwa wanaulizana saa."

Asubuhi walikaa kibandani, mlango umefungwa, Mwalimu akifuma kitambaa na kueleza bila kuinua macho. Hakuongeza wala kupunguza. Mtu wa koti si kanali wa jeshi lolote. Amepewa kazi na kampuni inayotaka ardhi ya kijiji, na ili wanakijiji wahame anawamwagia sumu kisimani. Mwenye mguu mbovu ndiye mchimbaji wa kile kisima. Picha ni yake. Mwisho, pale darajani, wa koti anaanguka mtoni na hatoki.

Kanda ilipokwisha Tadei aliitoa kwenye deki. Nje alimsikia Hironimus akimweleza mpita njia jinsi alivyoipata ile buluu.

"Utasemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Kama ninavyosema siku zote."

"Sawa. Mimi nitakuwa chumbani kwangu nasahihisha madaftari."

Akakusanya nyuzi zake akaondoka. Tadei alibaki akipanga. Aliona inawezekana. Watu hawakujua Kiingereza, na macho ya mtu huona anachoelezwa. Angeweza kumfanya aliyeanguka mtoni kuwa pacha wake Kanali. Akikiri, ni miaka miwili ya uongo, na kesho yake angekuwa Tadei aliyefukuzwa seminari, basi. Zaidi ya ulimi ule hakuwa na kitu kingine mjini.

Saa kumi kibanda kilijaa mpaka wengine wakakaa juu ya magunia. Nusu yao walikuja na makoti. Picha ilianza kijijini, watu wakiteka maji. Kisha Kanali akaingia, na kibanda kizima kikapiga makofi. Alishuka kwenye gari, akavingirisha pipa mpaka kisimani, akalifungua, akamimina.

"Kanali," Tadei alisema, "anatia dawa kisimani."

Lilikuwa neno zuri. Lilimtoka lenyewe, na mara alipolisikia alijua kwamba limemwokoa. Halikuwa uongo. Watu wakaitikia kwa vichwa. Kanali anasafisha maji ya wanyonge, bila shaka.

"Dawa gani?" aliuliza Mathias kutoka nyuma.

Kwenye televisheni ng'ombe alisogea kwenye hori la maji ya kisima, akanywa.

"Nauliza dawa gani, Tadei. Dawa ni nyingi. Mimi juzi nimetia dawa kwenye mahindi, na hata kuku simpi yale."

"Acha atafsiri," alisema Hironimus. "Ni dawa ya kutibu maji. Hata mtoto anaona."

Ng'ombe alipiga magoti. Akalala ubavu. Kibanda kizima kikamtazama Tadei, maana televisheni ilikuwa imeshasema yake. Upande wa pili wa ukuta, kwa Mwalimu Tumpe, hakukusikika kitu, hata kikohozi. Tadei akajiona akijibu mengine mengi, yote mazuri.

"Dawa ya panya," akasema.

"Kanali anatia sumu?"

"Anatia sumu. Si kanali. Mimi ndiye niliyempa cheo." Aliinua fimbo akamgusa mwenye mguu mbovu, ambaye alikuwa amepiga magoti kando ya ng'ombe. "Steringi ni huyu. Miaka miwili nilikuwa sijui."

Basi akaendelea na kazi. Alitafsiri alivyoelezwa asubuhi, neno kwa neno, na alipofika mahali alipopasahau alisema amesahau. Wale wenye makoti walianza kuyavua mmoja mmoja, wakayakunja mapajani, japo baridi ilikuwa kali. Ilipofika ile sehemu ya bibi kizee, mtu akauliza kwa sauti ndogo, "Na hapa?"

"Wanaulizana saa."

"Koti hamwahidi?"

"Hamwahidi. Lile ni la kwangu."

Darajani Kanali alianguka, mto ukamchukua. Kiguu alibaki peke yake, wala hakushangiliwa. Kisha Mzee Iddi akazima deki, na watu wakatoka nje, wakasimama mbele ya ukuta wakimtazama kapteni wao akiwa mikono mifukoni.

Tadei alitoka wa mwisho. Aliegemeza fimbo mlangoni, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

"Kwaheri, Mzee Iddi. Mimi naenda."

"Unaenda wapi? Jumanne kuna kanda ya Kihindi. Kihindi unajua?"

Watu waligeuka.

"Sijui," alisema Tadei.

"Basi Jumanne utawaambia hujui, halafu utafsiri." Mzee Iddi aliivuta kofia yake ikae sawa. "Wallahi, hapa hakuna aliyekuja kusikiliza Kihindi."

"Lakini atutenganishie," alisema Mathias. "Kila tukimuuliza, aseme: hapa ni wao au ni yeye."

"Nitasema," Tadei alijibu. Akatazama fimbo. Hakuichukua, ila hakuondoka pia.

Ilibaki habari ya ukuta. Mathias alisema kikosi hakiwezi kwenda kuokoa dunia kikiongozwa na mtu wa sumu, kura zirudiwe. Mzee Iddi alisema kura zirudiwe zisirudiwe, rangi imekwisha, imebaki kopo moja la kahawia. Tangu atoke kibandani Hironimus hakuwa amemtazama Tadei hata mara moja. Siku tatu zake zilikuwa pale ukutani, na ile buluu hakuna mwingine Songea angeweza kuipata.

Baadaye aliingia ndani, akatoka na kopo la kahawia na brashi. Alichuchumaa mbele ya Kanali Koti. Mkono mmoja aliutoa mfukoni, akaushikisha fimbo ya kutembelea. Kisha akashuka chini ya pindo la koti, mguu mmoja akaufuta, akauchora upya ukiwa umepinda.

Mathias aliinamisha kichwa upande, akatazama kwa muda mrefu.

"Kiguu mbona havai koti? Kwenye picha nzima ana shati tu."

Hironimus alimalizia kidole cha mguu. Akageuka, akamwangalia Tadei kwa mara ya kwanza jioni ile.

"Tadei. Koti hili ni la wao au ni lako?"

"Langu," alisema Tadei.

"Basi na alivae," alisema Hironimus. "Baridi hii."