Bakyt Mpaka Mabegani

Siku ya mshahara Lorna Pickwell alirudi kutoka kiwanda cha samaki pale Grimsby, Uingereza, akavua viatu vya mpira mlangoni, akamkuta mumewe ameongezeka mpaka mabegani. Mwezi uliopita alikuwa ameishia mbavuni. Sasa alikuwa jikoni, mikono yote miwili ikimenya viazi.

Serikali ilitaka mke awe na kipato cha kiwango fulani ndipo mume mgeni aruhusiwe kuingia nchini. Cha Lorna hakikutosha, basi Bakyt akawa anaingia kwa kadiri ya mshahara. Kila zamu ya ziada ilimleta kidogo. Mshahara ukishuka, naye anashuka. Walijuana kwenye mashamba ya kabichi, alipokuja kuvuna kwa kibali cha msimu, wakaoana kwao Osh, huko Kirigizistani. Kichwa chake kilikuwa bado huko, kwa mama yake, na Lorna aliongea nacho kwa simu ya video.

"Umepauka. Umekula kazini?" kichwa kikauliza.

"Nimekula."

Mikono ikafungua mkebe wa chakula wa Lorna, ikaukuta umejaa.

"Muongo we!" kichwa kikasema.

Lorna akacheka, akatupa mkate mezani. Ukaanguka uso chini. Mikono ikaugeuza upesi, maana kwao mkate haulazwi kifudifudi hata kwa bahati mbaya.

Alikuwa na mimba ya miezi minne, na alikuwa anaogopa. Alitaka mtoto azaliwe baba yake akiwa na uso. Kilichobaki ni shingo na kichwa tu, lakini kichefuchefu hakikumpa nafasi, na kila siku ya kuugua ilikatwa kwenye mshahara. Aliamka na hofu, akalala nayo.

"Shoga, nenda nyumbani," Gaynor, mwenzake wa zamu, alimwambia kwenye mkanda unaopitisha minofu ya samaki. "Unatetemeka jamani."

"Nikienda atapungua."

Gaynor hakushangaa. "Mume wa dada yangu aligandia kiunoni miaka miwili."

"Ikawaje?"

"Akamnunulia suruali."

Wiki iliyofuata, Lorna akiwa kwenye mkanda, alihisi majimaji ya moto yakimshuka mapajani. Alijua ni damu kabla hajatazama. Mkanda ukaendelea kuleta samaki, naye, Mungu amsamehe, akaendelea kuwapanga, kwa sababu zamu ilikuwa karibu kwisha na ukiondoka mapema unakatwa siku nzima. Gaynor ndiye aliyebonyeza kitufe chekundu cha kusimamisha mkanda.

Hospitali walimwekea kipimo tumboni. Kwa muda hakikusikika kitu, na Lorna akaushika ukingo wa kitanda kwa vidole vilivyonuka samaki. Kisha moyo mdogo ukasikika, mbio mbio. Daktari akamwambia alale nyumbani mpaka mwisho wa mwezi, asinyanyue hata birika.

Alilala. Mikono ya Bakyt ilimpikia supu, ikamkanda miguu, ikamfuta machozi.

"Nikiendelea kulala utaondoka," aliiambia simu.

"Lala, mke wangu."

"Naogopa, Bakyt."

"Hata mimi. We lala tu."

Mshahara wa ugonjwa uliingia asubuhi, mdogo. Mikono ilikuwa inaosha vyombo. Kikombe kikaanguka kwenye sinki kikavunjika, na Lorna alipofika jikoni alikuta kiuno na miguu vimesimama mbele ya bomba linalomwaga maji. Akalifunga. Kule Osh mikono ilikuwa imemrudia mwenyewe, bado ina povu.

Mtoto angekuja kabla Bakyt hajapanda tena, na likizo ya uzazi ingemshusha zaidi, pengine mpaka magotini. Lorna alimuuliza mama wa ofisi ya mishahara kama kuna njia nyingine. Yule mama akamwambia kwa upole kabisa kwamba kiwango ni kiwango, mpenzi.

Jioni Lorna akauweka mkate mezani kifudifudi, makusudi, akangoja. Hakuna kilichotokea. Chini ya meza miguu ya Bakyt ikasogea, ikakaa juu ya miguu yake, nayo ilikuwa ya moto.

"Mnakula?" kichwa kikauliza.

"Tunakula."

"Mkate umekaa vizuri?"

"Umekaa vizuri," akasema, akaugeuza mwenyewe.

Jumamosi akaenda mjini kununua suruali za kiume. Alichukua mbili, na moja ilikuwa nzito, ya majira ya baridi.