Kifuniko cha Cherehani

Bi Harusi alikuwa amechoka. Si uchovu ule wa kubeba mizigo, ambao mtu akilala unamtoka; huu ulikuwa umehamia mwilini mwake na virago vyake vyote, ukatandika, ukajilaza.

Jina hilo la Bi Harusi alipewa na mama mkwe wake siku alipoletwa katika nyumba ile, na hakuitwa vinginevyo tena, ingawa gauni lenyewe lilikwisha kukatwa likawa foronya. Aliyelikata ni huyo huyo mama mkwe. Mtaa mzima ulimwita Mama Fundi, kwa kuwa watoto wengi wa pale walikwenda shule wakiwa ndani ya mishono yake. Sasa upande wake wa kulia ulikuwa umepooza. Alilala chali chumbani, na ubavuni mwake palikuwa na meza ya cherehani yake, na juu ya cherehani kifuniko kinene alichokishona mwenyewe kwa mabaki ya vitambaa, pamba katikati. Tangu augue, hakuna aliyethubutu kukigusa.

Mumewe Bi Harusi, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa huko barabarani. Nyumbani ilifika sauti yake tu, "Mama hajambo?", kisha simu inakatika. Kumwosha mama, kumgeuza, kumlisha, kufua mashuka, yote yalikuwa ya Bi Harusi. Na juu ya hayo, kazi.

Kazi ilikuwa ya kusikiliza. Kampuni fulani ilimtumia sauti zilizorekodiwa katika mikutano ya watu asiowajua, naye aliandika kila kilichosikika. Mtu akikohoa, aandike amekohoa. Wakinyamaza, aandike kimya. Alikuwa amewajua wajumbe wa kamati moja ya mitaro ya maji machafu kuliko alivyowajua majirani zake. Kulikuwa na mzee mmoja mle ambaye kila aliposema "kwa kifupi," Bi Harusi alinyoosha shingo, akavuta pumzi, akajua hapo hakuna kutoka.

Kuandika hakukumshinda. Kilichomshinda ni taa. Kampuni ilikuwa na programu iliyowachunga wafanyakazi kama mbuzi: kompyuta ikiwa macho, kando ya jina la mtu inawaka taa ya kijani, kompyuta ikilala, taa inageuka ya kijivu, na Msimamizi anaona. Programu haikujali kama mtu anaandika au anajikuna. Ilichotaka ni kompyuta isilale. Taa ya Bi Harusi ilikuwa imegeuka kijivu mara nyingi mno. Msimamizi, mwanamke ambaye hakuwahi kumwona hata picha, alimpigia simu akamwambia kwa upole uliotisha kuliko ukali:

"Ikilala tena saa za kazi, dada, nitakutoa. Sipendi, lakini nitakutoa."

Na kompyuta hiyo ya kupakata ililala kwa sababu ya Mama Fundi. Kila Bi Harusi alipoifungua kando ya kitanda, mama aligeuza uso ukutani. Hasemi neno, hanung'uniki, anageuka tu. Bi Harusi alikitazama kisogo kile akasoma hasira humo: unaniuguza mimi, au unauguza hicho kidude? Basi mama akitikisika kidogo tu, yeye aliufunga mfuniko upesi, kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Kompyuta ikifungwa, inalala. Ikilala, taa.

Ndipo alipoibeba mpaka kwa Waya, fundi wa simu na kompyuta pale pembeni mwa barabara, aliyemwita shemeji bila undugu wowote.

"Kwa hiyo unataka ifungwe lakini isilale," alisema Waya.

"Ndiyo."

"Mlinzi wa hapa kwetu yeye ni kinyume. Amefungua macho, amelala."

"Waya, nina mgonjwa nyumbani. Huo utani niwekee, nitaucheka Jumapili."

Waya alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akamgeuzia kioo. "Soma. Kompyuta inakuuliza: ukinifunga mfuniko, nifanye nini? Kuna kulala, kuna kuzimika, na kuna hii hapa. Usifanye chochote."

Bi Harusi aliyatazama maneno yale mawili muda mrefu. "Na mimi ungeniwekea hiyo."

"Yako wewe, neno la siri analo mumeo." Waya alicheka peke yake, kisha akaacha. "Lakini sikiliza, shemeji. Ikifungwa huku iko macho, inachemka. Iache mahali pa wazi ipumue. Usiitie kwenye begi, usiilaze kwenye mto, usiifunike."

"Nani anafunika kompyuta?"

"Hujui watu wewe. Watu wana mapenzi ya ajabu."

Ikaenda vizuri siku kadhaa. Aliiweka kwenye pembe ya meza ya cherehani, akaifunga, akaenda kumgeuza mama, na ndani ya kile kidude feni ikanong'ona taratibu. Akirudi anachungulia: kijani. Alikaribia kuamini kwamba amepata upenyo.

Asubuhi moja alikuwa na mashuka ya kuanika. Akafunga mfuniko. "Mama, natoka uani, narudi sasa hivi." Mama Fundi alimtazama, akaitazama kompyuta, akaitikia kwa kope.

Shuka la mwisho lilipokaa kwenye kamba, Bi Harusi aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, anyooshe mgongo tu. Ukuta ulikuwa na jua. Mgongo ukakutana na ukuta, na hapo macho hayakumwomba ruhusa.

Simu ilimwamsha ikitetemeka mfukoni. Kioo chake kilisema: Msimamizi. Hakupokea. Alikimbilia ndani, na mlangoni akasimama, maana cherehani ilikuwa uchi. Chuma chake cheusi, gurudumu lake, sindano yake, vyote nje. Kifuniko kilikuwa juu ya kompyuta, kimevutwa vizuri, pembe zimechomekwa chini. Mama Fundi alihema jasho likimtoka, mkono wake wa kushoto bado umeshika pindo la kitambaa. Uso wake, ule upande unaotii, ulikuwa na fahari ya mtu aliyemaliza kazi kubwa.

Bi Harusi alikivuta kifuniko. Kompyuta ilikuwa ya moto kama pasi. Akafungua, akabonyeza, akabonyeza tena. Haikuitika.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimeifunika." Maneno ya mama yalitoka polepole, yameegemea upande mmoja. "Umeifunga. Mashine ikifungwa imemaliza kazi. Ikimaliza, inafunikwa. Vumbi."

"Haikuwa imemaliza. Ilikuwa kazini."

"Na imefungwa?"

"Imefungwa, lakini iko kazini."

Mama Fundi alilitafakari jambo hilo. "Nani kaitesa hivyo?"

Bi Harusi aliketi ukingoni mwa kitanda. Alitaka kulia, lakini kulia nako kunataka nguvu. "Mimi," alisema. "Kwa sababu ukiiona wazi unageukia ukutani."

"Nageuka ufanye kazi. Nikikutazama, unaacha." Akameza mate, akapumzika, akaendelea. "Mimi nimeshona mbele ya mama mkwe anayetazama. Uzi ukikatika, nayasikia macho yake hapa shingoni. Nikasema, mkwe wangu mimi simfanyii hivyo."

Miezi yote hiyo Bi Harusi alikuwa akikisoma kisogo kile vibaya.

Simu ikaita tena. Umeme umekatika: ameshausema. Mtandao umesumbua: ameshausema, tena kwa maelezo marefu. Alitafuta uongo mpya kichwani, akakuta kichwa kitupu. Mama Fundi alinyoosha mkono mzima. "Lete."

Bi Harusi, kwa kuchoka tu, alimpa, akaifungulia sauti.

"Dada, taa yako imezimika kabisa," ilisema sauti ya Msimamizi. "Si kijivu. Haipo."

"Nimeizima mimi."

"Nani mwenzangu?"

"Mama yake. Nimeifunika na kifuniko cha cherehani. Ikafa."

Wote wakanyamaza. Kwa mazoea ya kazi, Bi Harusi aliandika kichwani: kimya.

"Unaumwa, mama?"

"Nusu," alisema Mama Fundi. "Nusu nzima."

Katika simu ilisikika sauti ambayo Bi Harusi, pamoja na uzoefu wake wote, asingejua aiandike kicheko au pumzi. Kisha Msimamizi akasema, "Dada yupo hapo?"

"Nipo."

"Nilikwambia nitakutoa, na nimeandika kwa wakubwa kwamba nitakutoa. Siwezi kurudi nyuma. Ninachoweza ni kukuweka kwenye kazi za vipande. Unalipwa kwa ulichomaliza. Ni kidogo, nisikudanganye, na kuna siku hazitoki. Lakini huko hakuna taa. Nani amelala, nani yuko macho, hatuulizi."

"Nashukuru."

"Usinishukuru. Nenda kwanza ukaone kama zinatosha."

Simu ikakatika. Bi Harusi hakujua kama amepoteza au amepata. Itabidi amwambie mumewe, itabidi wapunguze hiki na kile, na hayo yote yalikuwa mbali kama sauti za kamati ya mitaro. Kompyuta ilipopoa aliibonyeza tena, ikawaka kwa kujivuta, kama mtu aliyeamshwa bila hamu. Akatafuta ule ukurasa wa Waya. Nikifunga mfuniko: lala. Akaufunga. Feni ikazunguka kidogo, ikasimama. Alikuwa amesahau kwamba chumba kile kina utulivu.

"Imemaliza?" aliuliza mama.

"Sasa imemaliza."

Mama Fundi alikisukuma kifuniko kwa vidole. Bi Harusi akaifunika kompyuta, akachomeka pembe moja moja.

"Na cherehani yako, mama? Iko uchi."

"Iache ipumue."

Bi Harusi alilaza kichwa ukingoni mwa kitanda. "Mashuka yako nje," alisema, au alidhani amesema.

"Hayana miguu. Lala, Bi Harusi."

Kisha mama akageuza uso ukutani, asimtazame.