Vidonge vya Mchana

Jumatano, tarehe 6 Machi 1991, ukungu ulikuwa umekifunika kijiji chetu cha Bugene tangu alfajiri, na manyunyu yalidondoka kwenye migomba bila haraka. Nilisimama na bakuli la uji, mume wangu Telesfori akaugeukia ukuta.

"Nimefunga."

"Na dawa?"

"Nitameza zote jioni. Hesabu si ile ile, mama Novatus?"

Hadi leo nikimsikia mtu akisema hesabu ni ile ile, damu hunichemka.

Panga lilimkata muundi akipogolea migomba. Daktari alimpa ampisilini, ameze asubuhi, mchana, jioni na usiku. Usaha ukipanda gotini, alisema, mguu utakatwa. Telesfori akaweka nadhiri: hatatia kitu mdomoni mchana, hata maji, mpaka apone. Mimi ni mtu wa sala, lakini siku ile hata sala ilinitoka kwa kuuma meno.

Jioni, kwenye masomo ya watu wazima, nilimweleza mwalimu Cassian shida yangu. Akachora ubaoni jinsi dawa inavyopanda na kushuka katika damu, na mstari ambao chini yake vijidudu hupata nguvu.

"Badilisha kitu kimoja, mama, vingine viache palepale. Tazama kipi kinatikisa jibu."

Kwenye hesabu nilipunguza uzito wa Telesfori, maana alikuwa amekonda, na Cassian akachora upya. Mchoro haukujali sana. Nikaongeza dawa, ukapanda kidogo. Kisha nikarudisha vidonge vilevile, nikavirundika jioni. Mchoro ukaruka kama mbuzi aliyeshtuliwa, ukaporomoka, ukalala chini ya mstari karibu mchana kutwa.

Nikaunakili kwenye daftari, nikaupeleka nyumbani mbiombio.

"Kumbe nimeoa mwalimu," Telesfori alisema.

"Usipomeza, umeoa mjane."

Akacheka, kisha akanirudishia daftari. "Nilimwahidi Mungu. Nimvunjie ahadi kwa sababu ya chaki ya Cassian?"

Nilikuwa nimetikisa kila kitu, isipokuwa hiyo ahadi.

Kesho yake mchana wanajumuiya wa kanisani kwetu walikuja kumwombea, mzee Melkiory akiongoza. Kabla hawajapiga magoti, niliweka kidonge katika kiganja cha Telesfori, na kikombe cha maji kando yake.

"Nadhiri hii naichukua mimi," nilisema. "Mbele ya Mungu na mbele yenu, nitafunga mimi mpaka mguu wake upone. Yeye atakula, na atameza dawa kwa saa zake."