Aya ya Tisa Haikubaliwi

Jumanne ya kwanza ya Februari, saa nne kasorobo asubuhi, Tamsin Ogden alikanusha ngazi. Ulikuwa utetezi wake wa kwanza kuandika tangu aanze uanagenzi wa uwakili katika chemba yetu, ofisi ya mawakili hapa Temple, London. Mtu mmoja wa Croydon alikuwa ameteguka mguu nyumbani kwake, akadai, katika aya ya nne ya madai yake, kwamba kipandio cha sita cha ngazi kina ufa. Mwenye jengo, ambaye ndiye aliyekuwa mteja wetu, alisema hakuna ufa. Tamsin hakuugusa ufa. Aliandika tu, "Aya ya nne inakanushwa," akamtumia msimamizi wake, akaenda kuchemsha maji ya chai.

Maji hayajachemka, simu ikaingia. Ngazi zote zilikuwa zimeondoka, kutoka ghorofa ya tatu hadi mlango wa chini. Zimamoto walikuwa wakiwashusha wapangaji kwa madirisha, na bibi mmoja alikuwa amekataa kushuka mpaka paka wake atangulie.

Msimamizi wake, Rosalind Quarmby, alikuwa na miaka ishirini na sita katika kazi hii na hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alivuta kiti, akatoa penseli yake ya kijani.

"Isome aya ya nne. Sentensi ya kwanza inasema nini?"

"Inasema jengo lina ngazi."

"Haya, we mwanangu, mteja wetu anabisha kwamba jengo lake la ghorofa tatu lina ngazi?"

"Habishi."

"Basi zikubali ngazi. Unachokanusha ni ufa, ufa peke yake. Ukishakanusha aya nzima kwa uvivu, ndiyo haya, watu wanatokea madirishani."

Tamsin akairekebisha, na ngazi zikarudi kabla ya chakula cha mchana zikiwa na vumbi kidogo. Karani mkuu, Gary Stubbins, alipita mlangoni na mafaili kwapani. "Nasikia kuna mheshimiwa kafuta ngazi," alisema. "Usijali, dada wakili. Kuna mwenzio aliwahi kukanusha daraja, na sasa ni jaji."

Mambo haya si mageni kwa yeyote aliyekaa Temple. Kinachokubaliwa katika utetezi hubaki. Kinachokanushwa huondoka. Kile ambacho mteja hana habari nacho huandikwa kwamba hakikubaliwi na mdai akithibitishe, nacho hufifia polepole, kama shati linalofuliwa kila siku. Na jambo ambalo mwandishi amesahau kulijibu huhesabiwa kuwa limekubaliwa, kwa hiyo hubaki, na anayeondoka ni mwanagenzi aliyelisahau. Hali hiyo hudumu mpaka jaji atoe hukumu. Tatizo ni kwamba kesi nyingi hazifiki kwa jaji, kwa sababu watu huchoka na kupatana. Rosalind mwenyewe, alipoachana na mumewe, wakili wa upande wa pili hakukubali kwamba wawili hao waliwahi kuwa na furaha kule Whitby. Walipatana nje ya mahakama. Mezani kwake kuna picha ndogo yenye fremu, ya ufuko wa huko na viti viwili vitupu, na akiulizwa husema ni mahali pazuri, ameambiwa.

Kufikia Machi Tamsin alikuwa ameimudu kazi. Alijifunza kuandika sentensi yenye jambo moja, kufuta kila neno lililotaka kuonewa huruma, na kupitia madai kwa penseli akiweka alama kila alipojibu. Baba yake alikuwa dereva wa basi Oldham, na katika ukoo wao hakukuwa na aliyewahi kuingia mahakamani ila kwa kuitwa. Septemba chemba ingemchagua mwanagenzi mmoja kati ya wawili abaki. Mwenzake alikuwa amesoma shule ileile waliyosoma nusu ya mawakili wetu. Tamsin alikuwa na maandishi yake tu.

Ndipo likaja faili la Wilf Pardoe, limefungwa utepe wa rangi ya waridi kama mengine yote. Mzee Wilf, wa miaka sabini na minne, alikuwa mpangaji wa kampuni ya nyumba ya Brackwell huko Deptford. Ukuta wa chumba cha kulala ulikuwa ukipitisha maji, na alikuwa akidai utengenezwe. Katika maelezo yake alisema aliuza matunda sokoni miaka arobaini kwa kunadi, na kwamba mkewe, Doreen, macho yamemwishia nguvu, hivyo yeye humsomea gazeti kila asubuhi, na barua, na maandishi ya kwenye chupa za dawa. Tamsin aliyasoma maelezo hayo mara mbili. Alimpenda mzee huyo bila kumwona, jambo ambalo halikumsaidia, kwa kuwa mteja wetu alikuwa Brackwell.

Aya ya tisa ya madai ndiyo iliyobeba kesi nzima. Ilisema kwamba mwezi Novemba Wilf alipiga simu mara nne kwenye ofisi ya kampuni kueleza habari ya maji, na mara ya nne akaahidiwa fundi. Kwa sheria, mwenye nyumba hawajibiki mpaka aambiwe kwamba kuna kasoro. Brackwell walisema walibadilisha kompyuta mwezi Desemba, na rekodi za simu za Novemba hazipo. Hawakusema Wilf ni mwongo. Walisema hawajui.

Tamsin aliandika utetezi kwa siku mbili. Maji ya ukutani aliyakubali, kwa kuwa mkaguzi wa Brackwell mwenyewe aliupapasa ukuta na kiganja kikarudi kimelowa. Kitanda kilichooza mguu alikikubali. Zulia alilikubali. Alipofika aya ya tisa akafikiri kidogo, akairuka, akaendelea na ya kumi.

Rosalind alisoma kurasa zote akiweka alama zake za kijani, mpaka akafika pale.

"Umeruka ya tisa."

Tamsin aliutazama ukurasa.

"Ulisahau?"

"Hapana."

Rosalind aliweka penseli chini. Hakukasirika, na Tamsin angeona nafuu kama angekasirika. "Sikiliza. Ukinyamaza hapo, mteja atakuwa amekubali. Kukubali ni haki yake yeye, si yako wewe kumgawia mtu. Siku mteja akiwa ni wewe, utataka wakili wako akulindie haki yako hivyo hivyo."

"Nikiandika haikubaliwi, mzee atapoteza sauti."

"Itafifia, ndiyo. Simu ni sauti, na mzee hana sauti mbili. Mpaka jaji aamue."

"Na wakipatana?"

Rosalind aliitazama picha ya mezani kwake. "Andika, mwanangu," alisema.

Tamsin akaandika: "Aya ya tisa haikubaliwi. Mdaiwa hana taarifa za simu hizo na anamtaka mdai azithibitishe." Ilikuwa sahihi kabisa. Alikwenda chooni, akalia, akanawa uso, akarudi kumalizia aya ya kumi na moja.

Aprili wakili wa kina Pardoe aliandika kwamba mteja wake anakaukiwa na sauti, na kuomba kesi iharakishwe. Mahakama ilijibu kwamba nafasi ya karibu ni Februari mwakani. Mei aliandika tena. Hadi Juni, pande mbili zilipokubaliana kukutana kwenye chemba yetu kutafuta mapatano, Wilf alikuwa akifungua mdomo na hakitoki kitu.

Alikuja amevaa suti ya kahawia na kupiga viatu rangi. Alimsalimia kila mtu kwa mkono, na midomo yake ikasema habari za asubuhi. Alikuwa na uso wa mtu aliyezoea kuongea na wateja wengi kwa pamoja. Yeye na Doreen waliwekwa chumba kimoja na wakili wao, Brackwell chumba kingine, na Rosalind akawa anapita katikati. Tamsin alitumwa chai, na kwenye birika akamkuta Doreen akipapasa vikombe.

"Wewe ndiye mwenye mikono baridi," Doreen alisema. "Ulinishika mlangoni. Uko upande wao?"

"Niko upande wao, mama. Samahani."

"Si kitu, kila mtu na kazi yake. Maziwa yako wapi? Haya. Wewe ndiye unaandika?"

"Naandika, ndiyo."

"Basi nisikilize. Hela hatukatai, kitanda kimeoza. Ila mkiandika huko, wekeni kwamba alipiga. Sentensi moja tu, alipiga simu mara nne. Asubuhi anakaa na gazeti, nasikia kurasa zinageuka. Anasoma lote, masikini, mpaka mpira. Mimi nakaa pale nasema ehe, ehe, asijisikie vibaya."

Tamsin alipeleka ombi hilo kwa Rosalind, na Rosalind akalipeleka kwa Brackwell bila kulipunguza. Mwakilishi wao, Crispin Yardley, alikuwa mtu mpole, na alilisikiliza huku ameshika biskuti bila kuila. Alisema anamwonea huruma sana mzee. Alisema watalipa, tena vizuri, na ukuta watautengeneza. Lakini wana wapangaji wa nyumba mia sita wanaosema walipiga simu Novemba ile, na wakikubali simu moja watakuwa wamezikubali zote. Watalipa, ila bila kukiri.

Doreen aliposomewa majibu hayo alimtafuta mumewe kwa mkono. Wilf alitikisa kichwa, akakumbuka kwamba mkewe haoni, akamfinya kiganja. Walikubali.

Mapatano aliyaandika Tamsin, na hadi leo Rosalind huwaonyesha wanagenzi wapya nakala yake. Yalikuwa ukurasa mmoja. Aya ya kwanza ilisema kwamba mdaiwa hakiri lolote. Ya pili ilitaja fidia. Ya tatu ilisema kwamba ukuta utaanza kutengenezwa ndani ya siku ishirini na nane tangu mpangaji aliyetajwa kwenye mkataba, yeye mwenyewe, aipigie simu ofisi ya kampuni. Hivyo ndivyo Brackwell wanavyofanya kwa wapangaji wote, na Tamsin aliliandika jambo hilo kwa maneno machache, kila neno mahali pake. Wakili wa kina Pardoe aliyasoma mara mbili, akasema hana la kubadilisha. Wote wakatia sahihi.

"Safi," Rosalind alimnong'oneza. "Hapa hakuna cha kufuta." Tamsin alifurahi, kisha akajionea aibu kwa kufurahi.

Wilf aliinuka, akamshika Tamsin mkono, akamwambia jambo refu. Watu wote chumbani walisubiri kwa adabu mpaka midomo ilipotulia. Tamsin akamwambia asante.

Dakika kumi baadaye alikuwa akikusanya vikombe karibu na dirisha lililo wazi. Chini uani, Wilf na Doreen walikuwa wamekaa kwenye benchi. Maji ya ukutani yalikuwa yamekubaliwa tangu Machi, kwa hiyo yalikuwa yangali yakipita, na mzee hakutaka kupoteza hata siku moja kati ya zile ishirini na nane. Alikuwa ametoa simu, ameweka spika. Sauti ya mwanamke ilisikika hadi juu.

"Brackwell, nikusaidie? Halo? Halo? Sikusikii, mpenzi."

Wilf alikuwa akimweleza. Doreen akaichukua simu. "Ni mke wake huyu, niko naye hapa hapa, ni habari ya ukuta."

"Samahani mama, tunaruhusiwa kuongea na mpangaji mwenyewe tu. Mwambie apige."

Ikakatika. Wilf akaweka miwani vizuri, akabonyeza tena. Mlangoni, Gary alikuwa ameleta faili jingine, akiuliza kama mheshimiwa ana nafasi, na Tamsin akamwomba asubiri kidogo. Alibaki dirishani mpaka mzee alipoirudisha simu mfukoni.

Mzee alipiga mara nne. Katika rekodi za Brackwell za mwezi Juni, ambazo ziko kamili, hakuna simu yoyote kutoka kwa Wilf Pardoe.