Tagi ya Mama Dorothea

Jimbo lilipotangaza kwamba linataka kubadili kanuni za kuwinda kulungu, wanaume wa kuwinda Jumamosi walinuna kama watu waliofutiwa likizo. Siku zote mtu aliruhusiwa madume mawili kwa mwaka. Sasa lingebaki dume moja tu kwa kila mwindaji, na tagi moja, kijikaratasi cha ruhusa cha kulifungia. Majike ruksa, uyapige uchoke, na juu yake msimu ungeongezwa wiki nzima ya Januari kwa ajili yao peke yao. Serikali ilitaka kulungu wapungue, maana walikuwa wanamaliza maua ya watu na kugongwa na magari kila barabara. Wawindaji nao walitaka pembe.

Mabishano yalifanyika Germantown, kwenye gereji ya Kibet, kati ya friza na baiskeli za watoto. Kibet alikuwa nesi, Mkalenjin wa Eldoret, na ndiye aliyepata ruhusa ya kuwinda kwenye shamba la mahindi la mzungu mmoja mzee nje ya mji. Ndiye pia aliyemwambukiza uwindaji rafiki yake Gregori, Mmatengo wa Mbinga aliyekuwa akisimamia maegesho ya magari mjini na kuishi Adelphi na mkewe Euphrasia na binti yao Dorothea.

"Hawa watu wanatucheza," Kibet alisema, akinoa kisu. "Mimi nafanya double shift wiki mzima. Napata Saturday moja, dume inakuja, na-shoot. Ya pili ikikuja nifanye nini, niipungie mkono?"

"Ipungie," Gregori akajibu. "Dume likiachwa likue miaka miwili mitatu utaziona pembe. Tunaua vitoto halafu tunalalamika pembe ndogo."

"Na hiyo January? Jike ako na mimba January, boss. Hiyo pia umekubali?"

"Hiyo sikubali. Wakitaka kurefusha msimu wairefushe Oktoba. Lakini dume moja kwa mtu mmoja, hapo nipo nao."

Maneno hayo aliyarudia kwenye mkutano wa hadhara, kwenye ukumbi wa shule uliojaa wazungu wenye kofia na buti. Wengi walisimama kupinga. Mmoja alisema ofisi za jimbo zinasikiliza kampuni za bima kuliko wawindaji. Mwingine alisema yeye hula nyama hiyo mwaka mzima, pembe hazichemshiki. Gregori alipofika kwenye kipaza sauti alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba mwindaji anayeshindwa kujizuia si mwindaji, ni mchinjaji, na kwamba dume moja linamtosha mtu mwenye heshima zake. Ukumbi ulimpigia makofi.

Euphrasia alikuwa amekaa safu ya nyuma na koti lake la kazini, maana alitoka moja kwa moja kwenye nyumba ya wazee alikokuwa akihudumia. Alipiga makofi mpaka viganja vikamuwasha. Alimtazama mumewe kama vile alivyomtazama siku ya kwanza walipokutana kwaya, na akasema moyoni kwamba huyu ni wangu. Masikini.

Kanuni zikapita, dume moja na Januari yake. Hazijamaliza hata mwezi, Gregori akaja jikoni jioni akamkuta mkewe anakatakata mboga.

"Mama Dorothea," alisema, "na wewe njoo uwe mwindaji. Kasome ile kozi yao, upate leseni yako. Kwa nini niwe naenda peke yangu kila wiki kama mtu asiye na mke?"

Miaka mitatu Euphrasia alikuwa mjane wa Jumamosi. Mume aliondoka kabla hakujakucha akarudi jioni na harufu ya majani makavu, akala, akalala, na Jumapili kanisani akapiga soga na wenzake kuhusu upepo na nyayo. Mkewe hakuwahi kulalamika. Alikuwa mtu wa kumeza. Kwa hiyo mwaliko ule ulimwingia mpaka kwenye mifupa, na usiku huo alilala amemshika mumewe mkono. Ni mambo ya kuchekesha ukiyakumbuka baadaye, ila yeye hajawahi kuyacheka.

Kozi aliisoma kwenye jengo la wazima moto, yeye na vijana wa shule na mababa zao. Akafaulu. Alipewa kadi yenye jina lake na namba yake ya mwindaji, akaionyesha kazini kwa kila mtu, hata kwa bibi mmoja aliyekuwa hamtambui mwanawe mwenyewe. Gregori alisema kadi ni kitu cha kupotea, akaiweka pamoja na ya kwake kwenye droo ya chumbani.

Zilipofika siku za kwenda porini, visingizio vikaanza. Baridi kali leo. Kibet amejaza gari. Utaamkaje na jana umefanya kazi mpaka jioni? Septemba ikapita hivyo, na Oktoba, msimu wa upinde, nayo ikapita. Gregori alikuwa na upinde wake, na mwanzoni mwa mwezi aliangusha dume kubwa, akalifunga tagi yake, akalipiga picha. Jumamosi nyingine, Euphrasia akiwa zamu, mumewe alirudi na mifuko ya nyama iliyokwisha kukatwakatwa gerejini kwa Kibet. "Jike hilo," alisema. Mkewe alizichoma mbavu kwa ndimu na pilipili, akasifiwa, akasikia raha.

Novemba, msimu wa bunduki ulipofunguliwa, alikataa kuachwa. Alivaa fulana ya rangi ya chungwa, akaingia kwenye gari la Kibet bila kukaribishwa, akafunga mkanda. Wanaume wawili wakatazamana, wakaondoa gari.

Hakuna aliyetegemea kwamba ataweza, na yeye mwenyewe hakutegemea. Kazi yake ilikuwa ya kuitwa: kengele hii, kengele ile, Euphrasia njoo, Euphrasia maji. Juu ya kichanja cha kuvizia mtini hakuna aliyemwita. Aliweza kukaa asubuhi nzima bila kujikuna. Akapiga jike moja, kisha la pili, safi, bila kuyatesa, na Kibet akaanza kumwita shemeji mlenga shabaha. Kuyasajili jimboni kwa simu, kama sheria inavyotaka, Gregori alifanya mwenyewe.

"Umefanya vizuri," Gregori alimwambia. "Lakini madume yaache. Mwaka wa kwanza ni wa majike, mtu unajifunza."

Akamtii. Madume mawili yalipita chini yake akayatazama mpaka yakapotea. Alimwamini mwalimu wake.

Ila mtu si jiwe. Jumamosi moja ya Desemba, jua likiwa limeshapanda juu ya mabua ya mahindi, alikuwa peke yake kwenye kichanja cha ukingoni, wanaume wako ng'ambo ya kijito. Likatoka dume ambalo hata Kibet, bingwa wa kutia chumvi, hakuwahi kulisimulia. Lilikuja polepole, likasimama, likageuza ubavu. Euphrasia akafikiri haraka. Tagi yake ya dume ilikuwa haijaguswa. Sheria haikumkataza, mumewe ndiye aliyemshauri, na hayo ni mambo mawili. Akashusha pumzi, akapiga.

Lilianguka palepale. Alishuka, akalipapasa shingo, akaliomba radhi kwa Kimatengo na kulia kidogo. Alikuwa na furaha ambayo hakuwa na mtu wa kumpa isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa anakuja mbio akivuka kijito, Kibet nyuma yake.

Gregori alifika, akaliona, akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Nilisema majike," alisema.

"Baba Dorothea, hebu liangalie kwanza."

"Nimeliangalia. Nipe simu, nitalisajili mimi."

"Nalisajili mwenyewe," Euphrasia alisema. "La kwangu hili." Asubuhi ile alikuwa ameichukua kadi yake kwenye droo, kwa sababu kwenye kozi walifundishwa kwamba mwindaji hutembea nayo. Sasa akaitoa, akaifungua simu yake ya kukunja, akapiga ile namba ya jimbo ya kusajili mnyama.

"Shemeji, ngoja kidogo," Kibet alisema, lakini alisema huku anatazama buti zake.

Simu iliita mara moja, mashine ikapokea. Sauti ya mwanamke ikamwomba namba ya mwindaji, akaibonyeza. Ikamuuliza dume au jike, akabonyeza dume. Ikamwambia kwa upole uleule kwamba mwindaji huyu ameshasajili dume lake la mwaka, mwezi wa Oktoba, kwa upinde.

Alidhani amekosea namba. Akakata, akapiga tena, akabonyeza taratibu huku akiifuata kadi kwa kidole. Jibu lilikuwa lilelile. Upinde. Yeye ambaye hajawahi hata kuushika.

Akamtazama mumewe, na mumewe akatazama mahindi. Ndipo alipozikumbuka zile mbavu za Oktoba.

"Lile halikuwa jike," alisema.

Kibet akaona amsaidie rafiki yake, na bora angenyamaza. "Shemeji, hiyo si kitu. Tangu waweke hiyo rule kila mtu anafanya. Hata bibi yangu Chelagat ako na licence, na hajawahi shika bunduki. Ni ya kuongeza tagi tu."

"Ya kuongeza tagi," Euphrasia alirudia. Aliyapanga mambo kichwani, nayo yakapangika bila shida: kanuni zilipopita, ule mwaliko wa jikoni, kozi, droo, visingizio. "Kumbe ulikuwa hunialiki mimi. Ulikuwa unaialika kadi."

"Sikudhani utakuja kweli," Gregori alisema.

Angesema amepitiwa, au tamaa imemshika, au hata akamfokea, Euphrasia angejua pa kuanzia. Lakini hayo ndiyo aliyoyasema, na aliyasema kama mtu anayejitetea. Mkewe alikumbuka makofi yake kule ukumbini, akaona aibu kwa niaba ya viganja vyake.

"Sasa tusikilizane," Gregori akaendelea, sauti ikishuka. "Hili tunalikata kichwa, tunakitupa kijitoni. Nyama tunasajili ya jike. Kwisha."

"Kwa namba ya nani?"

"Ya kwako. Majike si ruksa?"

"Na mtu akija akakiona kichwa? Baba Dorothea, mimi nina usaili wa uraia mwezi wa pili. Wewe ulishaapa, pasipoti unayo. Mimi watanikalisha waniulize kama nimewahi kuvunja sheria. Kwenye vitabu vyao mwenye madume mawili ni Euphrasia. Siyo wewe, siyo Kibet."

"Ndiyo maana nasema tunyamaze. Ukifungua mdomo, jina litakalochafuka ni la kwako."

Alilisema kama ushauri. Labda aliamini ni ushauri. Euphrasia aligundua kwamba mtu huyu alikuwa ameshalipigia hesabu jambo hili zamani, na katika hesabu zake yeye ndiye aliyewekwa mbele ya risasi.

Akaigeuza kadi. Nyuma yake kulikuwa na namba ya maofisa wa wanyamapori. Akaanza kuibonyeza.

"Mama Dorothea, weka simu chini. Mimi ni mume wako."

"Ulipopiga Oktoba," alimuuliza bila kuinua macho, "ulisema wewe ni nani?"

"Mashine haiulizi. Inataka namba tu."

"Basi huyu atauliza."

Kibet alishaanza kurudi nyuma kuelekea lilipo gari, hatua za mtu aliyekumbuka kazi nyingine. Gregori alimkaribia mkewe, akanyoosha mkono kuelekea simu, halafu akaona jinsi anavyomtazama, akaurudisha.

Ofisa alipokea, mwanamume mwenye sauti ya usingizi. Euphrasia alimweleza kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko alivyotegemea kwamba amepiga dume akiamini tagi yake ni nzima, kwamba dume bado liko chini na hataligusa, na kwamba lile la Oktoba lililoandikwa kwa namba yake hakulipiga yeye. Upinde hana, na siku ile alikuwa kazini tangu asubuhi, waulize wanaompangia zamu. Sauti ya ofisa ikaamka. Alimwambia asiondoke, mtu atatumwa. Akamwambia pia kwamba amefanya vyema kupiga simu.

Halafu akauliza swali ambalo wote wawili pale chini ya mti walijua linakuja: je, anamjua aliyelipiga lile la Oktoba?

Gregori alitikisa kichwa. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili, na midomo yake ikisema bila sauti, tafadhali, mke wangu, tafadhali. Euphrasia alimpenda hata wakati ule, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

"Yes," alisema. "My husband."

Ofisa akaomba jina. Euphrasia alipolitamka, ofisa hakulisikia vizuri, akamwomba alitaje taratibu. Euphrasia akamtazama mumewe usoni, akaanza kulitaja herufi moja moja.